Lenzi ya milimita 50 katika barabara moja ya Ngamiani: tathmini ya Canon EF 50mm f/1.8 STM

Lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM imekwisha kuandikiwa mengi, lakini sehemu kubwa ya hayo imeandikwa na watu waliokuwa huru kwenda popote na kupiga chochote. Mimi naitathmini katika mazingira mengine: mazingira ya mpigapicha wa Ngamiani, mtaa wa mji wa Tanga, ambaye kazi za kulipwa zimesimama, safari hazipo, na uwanja uliobaki ni nyumba, baraza na barabara inayopita mbele yake. Katika mazingira hayo naiona kuwa lenzi bora kwa kazi za mezani, za mikono na za mlangoni, na lenzi dhaifu kwa kazi ileile ambayo wengi huinunulia, yaani kupiga picha za watu ndani ya vyumba vyetu.

Wasomaji watakumbuka jinsi mwaka 2020, mwaka wa janga la korona, ulivyokuwa. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko. Ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa tarehe 12 Aprili na kuruhusiwa tena 18 Mei. Vyuo na kidato cha sita walirudi masomoni 1 Juni, na shule nyingine 29 Juni. Hapa kwetu hatukuamriwa kujifungia ndani kama ilivyokuwa katika nchi nyingi, na nyumba za ibada zilibaki wazi. Hata hivyo, kwa mtu ambaye riziki yake hutoka kwenye harusi, mahafali na semina, kuzuiwa kwa mikusanyiko kulitosha kuifanya kamera ikae kabatini.

Kamera ikikaa kabatini, hamu nayo hupungua, na mtaa mmoja huisha haraka kuliko mtu anavyodhani. Mwenye lenzi ya kuvuta ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera husimama mlangoni, akavuta mbele na nyuma, akapiga nyumba ya jirani, mnazi, baiskeli na paka, na kufikia jioni anaona amemaliza kila kitu. Kesho yake hana sababu ya kutoka, kwa kuwa vyote amekwisha kuviona kutoka umbali uleule wa mlangoni. Lenzi isiyovuta humnyima njia hiyo ya mkato: asiposogea yeye mwenyewe, hakuna picha, na akisogea anakuta kwamba mnazi una gome, baiskeli ina mnyororo, na nyumba ya jirani ina mlango ambao hakuwahi kuutazama sawasawa.

Kwa wale wasioifahamu, hii ni lenzi iliyotolewa mwaka 2015 kuchukua nafasi ya ile iliyojulikana kama 50mm f/1.8 II, ambayo ilikuwapo tangu 1990. Ina uzito wa takribani gramu 160, vipande sita vya kioo, na sehemu ya kufungia kwenye kamera iliyotengenezwa kwa chuma badala ya plastiki ya mtangulizi wake. Tundu lake la kupitishia mwanga linaundwa na mabamba saba, kwa hiyo taa za mbali zilizo nje ya fokasi, yaani zisizo kali pichani, hutoka karibu duara, ilhali ile ya zamani yenye mabamba matano huzitoa zikiwa na pembe tano. Mota yake ya kufokasi, inayoitwa STM, ni tulivu kuliko ya zamani, ingawa si kimya kabisa, na chumbani usiku utaisikia.

Tundu la f/1.8 ndilo linalonunuliwa hapa; namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6, na tofauti kati ya hizo mbili ni karibu mara kumi ya mwanga. Maana yake kwa vitendo ni kwamba chumba kinachokulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 kwa lenzi ya kawaida, hapa utakipiga kwa ISO 320 au 400 kwa kasi ileile ya shata, yaani muda uleule wa kuingiza mwanga. Mwenye kamera ya umri mkubwa kidogo, na wengi wetu tuna kamera za namna hiyo, anajua chenga zinazotokea picha inapopigwa kwa ISO 3200, na anajua pia jinsi ngozi nyeusi inavyopoteza uhai wake kwenye vivuli.

Sasa nije kwenye kasoro kubwa, ambayo ni hesabu ya vyumba. Kamera nyingi za Canon za bei ya kati zina kihisi, yaani kipande kinachopokea picha, chenye upana wa takribani milimita 22, na juu ya kihisi hicho milimita 50 hufanya kazi kama milimita 80, yaani huona eneo jembamba zaidi. Ukisimama mita tatu kutoka ukutani, fremu inachukua upana wa mita 1.3 hivi tu. Ukiigeuza kamera wima ili umpige mtu mzima aliyesimama, kuanzia kofia hadi kandambili, utahitaji kurudi nyuma zaidi ya mita nne. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina mita tatu, na humo tayari kuna kitanda, kabati na feni. Kwa hiyo anayekwambia kwamba hii ni lenzi ya kupigia familia nyumbani ama ana sebule kubwa, ama ana kamera yenye kihisi kikubwa, ambako milimita 50 hubaki kuwa milimita 50. Chumbani kwako utapata uso, mabega, mtoto aliyekaa mkekani. Utampoteza bibi aliyekaa pembeni yake. Nilijaribu kupigia kutoka ukumbini kupitia mlangoni, na kwa nyumba zetu za Kiswahili zenye ukumbi mrefu wa katikati na vyumba pande mbili, njia hiyo inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu fremu ya mlango yenyewe huingia kwenye picha na kuipa mpaka.

Yenye faida zaidi kwangu ilikuwa dirisha, na hapa lazima nieleze jambo ambalo vitabu vya wenzetu wa kaskazini hulieleza kinyume na hali yetu. Vitabu hivyo humshauri mpigapicha atafute dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini halipigwi na miale ya moja kwa moja. Tanga iko karibu nyuzi tano kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini wetu, na katika miezi hiyo dirisha la kusini ndilo linalotoa mwanga ulio sawa kutwa nzima. Ifikapo Novemba mambo yanageuka. Miezi ya zuio iliangukia katika kipindi hicho cha Machi hadi Oktoba, na juu yake ikaangukia masika, ambayo katika mwambao huu hupamba moto Aprili na Mei. Mawingu mazito ya masika humkasirisha mpiga picha za harusi za bustanini, lakini kwa anayefanya kazi dirishani ni neema, kwa sababu hulainisha kivuli bila gharama yoyote.

Dirisha la Ngamiani, hata hivyo, lina nondo na lina wavu wa mbu. Wavu uliojaa vumbi hupunguza mwanga kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye kipimo cha kamera, na ukipiga kupitia wavu huo kuelekea nje, picha hukosa makali. Uoshe kabla hujaanza kulaumu lenzi. Nondo ni habari nyingine: siku jua linapoingia la pembeni asubuhi, vivuli vyake juu ya kanga iliyotundikwa ukutani vinatosha kuwa somo la wiki nzima, na lenzi hii ikiwa f/4 au f/5.6 inavichora kwa ukali usio na mashaka kutoka katikati hadi karibu na kingo. Ikiwa f/1.8 kingo hulegea na pembe za picha huwa na giza kidogo. Kwa uso wa mtu hutalijali, kwa kanga yenye jina pembeni utalijali.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Aprili, na Idi ikawa 24 Mei, kwa hiyo futari ya kila jioni iligeuka kuwa kazi ya kila jioni. Hapo ndipo lenzi hii ilipostahili bei yake. Umbali wa karibu kabisa inaoweza kufokasi ni sentimita 35, ikipimwa kutoka kwenye kihisi, na kwa umbali huo fremu inachukua takribani sentimita 10 na nusu kwa 7. Kaimati mbili tatu zinajaa, kikombe cha uji wa pilipili manga kinajaa, chapati haiingii. Tahadhari ni moja, na wanaoanza hukwama hapo. Kwa umbali huo, tundu likiwa f/1.8, sehemu iliyo ndani ya fokasi ina kina cha milimita mbili hivi. Utapata chembe moja ya ufuta iliyo kali juu ya mkate, na mkate wenyewe umepotea. Funga tundu hadi f/8 na kina hicho kinafika karibu milimita nane, ambazo kwa kaimati zinatosha ukipiga kwa kuinama kidogo. Kwa kasi ya shata itakayobaki utahitaji kuegemeza kamera mahali, kwa sababu lenzi haina kituliza mtikisiko. Mimi niliiweka juu ya mito miwili iliyopangwa, na stendi nikaiacha ukutani. Sinia la bati upande wa pili wa dirisha hurudisha mwanga kwenye kivuli, ila hung'aza vibaya, na shuka jeupe lililotundikwa kwenye kiti hufanya kazi hiyo kwa upole zaidi.

Muda wenyewe ni mfupi. Mwezi Mei jua la Tanga huzama karibu saa kumi na mbili na robo, na ukanda huu hauna machweo marefu. Adhana ikiita, mwanga wa dirishani umekwisha na wenye swaumu hawakungojei wewe. Baada ya hapo unabaki na taa ya LED ya sebuleni, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa kwa kufuata umeme wetu wa hezi 50, jambo ambalo huleta mistari ya giza kwenye picha zilizopigwa kwa kasi kubwa ya shata. Kasi ya 1/50 au 1/100 huondoa mistari hiyo, na tundu la f/1.8 au f/2 ndilo linalokuwezesha kubaki kwenye 1/100 bila kupandisha ISO hadi picha ichafuke.

Picha ninazozipenda kuliko zote kutoka kipindi kile si za chakula kilichokwisha kuiva. Ni za shangazi akikuna nazi juu ya mbuzi, akikamua tui kwa kifumbu, akisukuma chapati. Nilipoomba ruhusa, alisema, "Mwanangu, mikono piga utakavyo, uso uniachie." Sharti hilo na lenzi hii vilipatana kikamilifu. Kwa umbali wa mita moja, tundu likiwa f/2.8, mikono na kifuu hukaa ndani ya fokasi, na ukuta wa jikoni, ndoo na mkaa vinayeyuka nyuma kiasi cha kutosumbua jicho. Mkono unaokuna nazi huenda kasi, kwa hiyo 1/250 ndiyo ya chini kabisa ukitaka vidole vionekane. Ukishuka hadi 1/30 nazi inayoruka hugeuka mistari myeupe, na sikuweza kuamua ipi kati ya hizo mbili ni picha bora. Nakiri kwamba fokasi ya moja kwa moja ya lenzi hii, penye mwanga hafifu na kitu kinachotembea, husitasita. Hutafuta mbele na nyuma, na wakati inatafuta mkono umekwisha kupita. Dawa ni kuifokasi mahali pamoja, kisha kuizima fokasi ya moja kwa moja na kungoja mkono urudi palepale.

Barazani hali ni tofauti, na ule urefu wa milimita 80 uliokuwa adui chumbani unageuka kuwa rafiki. Ukikaa barazani na kutazama upande wa pili wa barabara, kama mita kumi hivi, fremu inachukua upana wa mita nne na nusu: baiskeli nzima, mwendeshaji wake, tenga la nyuma na ukuta mpana wa kumpumzisha. Tanga ni mji wa baiskeli, na hilo mgeni hulibaini kabla hajafika stendi. Siku ya mawingu, kwa ISO 100 na tundu la f/16, unapata kasi ya 1/30 ambayo, ukiizungusha kamera kumfuata mwendeshaji, huacha ukuta nyuma yake uwe mistari na yeye abaki anasomeka. Ni zoezi lisilochosha kwa sababu baiskeli haziishi, na kila moja ina mzigo wake. Hapa sharti la heshima ni lilelile la jikoni. Jirani anayekuona unapiga picha kila siku barabarani anastahili kuambiwa unafanya nini, na akisema hataki, hupigi.

Niliwahi kuichukua hadi Bustani ya Jamhuri, kutazama bandari na Kisiwa cha Toten, na nikarudi na picha za kawaida tu. Kwa mandhari ya mbali milimita 80 ni nyembamba mno kuonyesha upana wa ghuba na fupi mno kuvuta meli.

Kuhusu uimara, mtu wa mwambao ajihadhari. Lenzi haina kinga ya maji wala vumbi, na hewa ya Raskazone au ya soko la samaki la Deep Sea ina chumvi inayoganda kwenye kioo bila kuonekana. Kichujio cha mbele cha milimita 49 ni gharama ndogo, na kinafaa hata jikoni, ambako mvuke wa uji hufunika kioo katika dakika moja. Kizuia mwanga cha mbele, ES-68, hakiji ndani ya boksi. Hununuliwa peke yake. Bomba la ndani hutokeza mbele lenzi inapofokasi karibu, na likigongwa likiwa limetokeza linaweza kuharibu mota, kwa hiyo rudisha fokasi mbali kabla ya kuzima kamera. Rudisha kabla, kwa sababu pete ya kufokasi huendeshwa kwa umeme na kamera ikizimwa inazunguka bure. Unyevu ndio hatari kubwa kuliko zote. Wakati wa masika ukungu huota ndani ya lenzi zilizofungiwa kwenye mikoba ya kitambaa, hasa zisizotumika. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaokaza, na pakiti za silika jeli ndani yake, kinatosha. Wanaotumia mchele badala ya silika waache, maana mchele una vumbi lake.

Wapo watakaouliza kama si afadhali kununua EF-S 24mm f/2.8 STM, lenzi bapa ya gramu 125 ambayo hufokasi hadi sentimita 16 na ambayo, kwa mita tatu zile za chumba chetu, inachukua upana wa karibu mita 2.8. Kwa familia ndani ya chumba, ndiyo, ni afadhali, na sioni haja ya kuificha hoja hiyo. Lakini simu uliyonayo mfukoni tayari huona upana wa namna hiyo, na penye mwanga wa kutosha hufanya kazi yake vizuri. Kitu ambacho simu haikupi ni ule utengano wa mkono na ukuta wa jikoni. Kwa mwenye simu nzuri na fedha za lenzi moja, ushauri wangu ni kuchukua ya milimita 50 na kuiachia simu kazi ya chumba kizima. Mwenye kamera mpya za mfumo wa EOS R anaweza kuitumia pia kwa adapta, ingawa Canon imekwisha kutoa RF 50mm f/1.8 iliyotengenezewa mfumo huo.

Bei ya kuanzia ilikuwa dola 125 nchini Marekani. Kwetu hutegemea dola na muuzaji, na zilizotumika huwa nyingi. Ukinunua iliyotumika, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma na utazame kupitia mbele: ukungu huonekana kama utando wa buibui kwenye kingo za kioo, na ukiuona usidanganywe kwamba utafutika kwa kitambaa. Ifunge kwenye kamera, ifokasi karibu na mbali mara kadhaa, sikiliza kama mota inakwaruza, kisha shika bomba la mbele kwa upole uone kama linacheza kupita kiasi. Soma pia maandishi ya mbele. Ikiwa imeandikwa II badala ya STM, hiyo ni ile ya 1990, ambayo haifokasi karibu zaidi ya sentimita 45, na kwa mtu anayekusudia kupiga kaimati sentimita kumi hizo zitamsumbua hata kama bei ni nzuri.